Chumba cha Kulia cha Kizungu Katika Nyumba ya Rungwe

Ndugu msomaji, ukipita leo katika barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu hata Kyela, utaona nyumba mpya nyingi za matofali ya kuchoma na mabati ya rangi. Wenye nyumba hizo wengi wametenga chumba cha kulia chakula. Hilo ni jambo jema. Lakini ingia ndani uone. Mara nyingi meza imegeuka kuwa mahali pa kuwekea pasi, madaftari, simu zinazochajiwa na debe la mchele. Baba anakula kwenye kochi mbele ya televisheni, mama anakula jikoni pamoja na binti zake, na vijana wanakula wamesimama mlangoni. Chumba kipo, walaji hawapo.

Wengi hudhani sababu ni kwamba chumba hakijapambwa. Basi huanza kutafuta fedha za kununua meza ya kioo yenye miguu ya rangi ya dhahabu, viti vya mgongo mrefu vilivyovikwa mahameli, na taa ya vioo vingi ya kuning'inia. Husema, "Huu ndio mtindo wa Kizungu wa asili." Wengine hata hukopa kwa ajili hiyo. Hapo yafaa tusimame kidogo tuulizane: mtindo wa asili wa Ulaya ni upi hasa? Na upi unaofaa katika nchi yetu hii ya mvua na baridi?

ULAYA SI NYUMBA MOJA

Kwanza tujue kwamba chumba cha kulia si kitu cha kale sana huko Ulaya. Zamani watu wa nyumba kubwa walikula katika ukumbi mmoja. Mbao ziliwekwa juu ya miguu ya kukunja, na baada ya kula ziliondolewa ili watu wapate nafasi. Chumba maalumu cha kulia kilianza kuenea katika nyumba za matajiri katika karne ya 18. Hata uma ulichelewa kuzoeleka katika nchi za kaskazini mwa Ulaya. Kwa muda mrefu wakubwa walinawa mikono kwa birika na beseni wakala kwa vidole, kama tulavyo sisi ugali na ndizi. Kwa hiyo mtu asione haya kuweka birika la kunawia katika chumba cha kulia cha mtindo wa Ulaya. Ni pale pale pake.

Pili, dhahabu na mahameli ni mambo ya majumba ya wafalme na ya waliotaka kuwaiga. Watu wa kawaida hawakuishi hivyo. Katika nyumba za wakulima wa kusini mwa Ujerumani, meza ya kulia ilikaa kwenye kona ya chumba, na benchi la mbao lilipita kandokando ya kuta mbili za kona ile. Baba, mama, watoto na watumishi walibanana hapo. Hakukuwa na kioo wala dhahabu. Palikuwa na mbao iliyosuguliwa ikang'aa kwa kutumiwa.

MTINDO ULIOFIKA KWETU

Sasa tuje Rungwe. Wamisionari wa Kimoravian, miongoni mwao Theodor Meyer na Theophil Richard, walifika hapa mwaka 1891. Mwaka huo huo wamisionari wa Berlin walifika pia, wakiongozwa na Alexander Merensky. Walipita mito ya Zambezi na Shire, kisha Ziwa Nyasa, na penye maporomoko ya Shire mizigo ilibidi ichukuliwe kwa nchi kavu. Kutoka ziwani ilibaki kupanda milima kwa miguu. Nani angebeba kabati la mwaloni katika safari kama hiyo? Kwa hiyo watu wa misioni walifyatua matofali na kupasua mbao papa hapa.

Wamoravian hao walitoka katika desturi ya Herrnhut, kijiji cha Saxony kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi kutoka Moravia katika shamba la Bwana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Ukumbi wao wa ibada pale Herrnhut ni mweupe, na mabenchi yake ni meupe. Hakuna sanamu wala dhahabu. Uzuri wake uko katika vipimo vilivyo sawa, madirisha makubwa yanayoingiza mwanga, na kazi safi ya seremala. Msidhani mtindo huo ni wa kudharauliwa kwa kuwa hauna urembo mwingi. Christiansfeld ya Denmark, kijiji cha Wamoravian kilichoanzishwa mwaka 1773, kiliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2015. Mwaka 2024 Herrnhut yenyewe iliongezwa, pamoja na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini na Bethlehem ya Marekani.

Tena tusisahau kwamba babu na bibi zetu hawakuwa wakikaa katika vibanda ovyo. Msafiri Joseph Thomson, aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizistaajabia nyumba za Wanyakyusa kwa usafi na upangaji wake. Kuta zilisimamishwa kwa mianzi na kuzibwa kwa udongo uliofinyangwa vizuri, kisha zikapambwa. Basi kuta safi, udongo, mianzi na mbao wazi ni mambo ya Herrnhut na ni mambo ya Rungwe pia. Anayetaka chumba cha kulia cha Ulaya ya zamani anaweza kukipata kwa fundi wa kijijini kwake.

ANZA NA VIPIMO

Kabla ya kununua chochote, chukua utepe wa kupimia. Meza ya watu 6 iwe na urefu wa sentimita 160 hadi 180, na upana wa sentimita 85 hadi 90. Kila mlaji anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza, la sivyo viwiko vitapigana. Kimo cha meza ni sentimita 75, na cha kiti sentimita 45. Nyuma ya viti paachwe sentimita 90 hivi, ili anayeleta chakula apite bila kuwainua waliokaa. Kwa hesabu hiyo chumba cha mita 3 kwa mita 3.6 kinatosha kabisa.

Kama chumba ni kidogo zaidi, fuata akili ya wale wakulima wa Ujerumani: weka meza kwenye kona na utengeneze benchi kwenye kuta mbili. Kina cha benchi kiwe sentimita 40 hadi 45. Chini yake fundi atengeneze sanduku lenye kifuniko, mtunze vitambaa vya meza na sahani za wageni. Benchi moja hukalisha watoto wanne mahali ambapo viti vingekalisha watatu, na gharama yake ni ndogo kuliko viti.

Kuhusu mbao, paini na mikaratusi zinapatikana katika wilaya yetu. Hapana budi ziwe zimekauka. Mbao mbichi ikipigiliwa leo, kabla ya mwaka kwisha ubao wa meza utapinda na viungo vitaachia. Zipangwe chini ya paa, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na zikae miezi kadhaa. Fundi akimaliza kupiga randa na msasa, paka mafuta ya kitani kidogo kidogo, futa yanayobaki, rudia baada ya kukauka. Lakini angalia sana: matambara yaliyolowa mafuta hayo hupata joto yenyewe na kuwaka moto yakirundikwa. Yatandaze nje yakauke, mbali na nyumba.

KUTA NA SABABU ZAKE

Katika picha za nyumba za Ulaya utaona mbao zimefunika sehemu ya chini ya ukuta, na mkanda wa mbao umepita juu yake. Watu huiga wakidhani ni urembo mtupu. Kumbe kila kimoja kina sababu. Mbao zilizuia baridi na unyevu wa ukuta usimfikie aliyekaa. Mkanda ulilinda ukuta usikwaruzwe, maana zamani viti vilirudishwa ukutani baada ya kula.

Sababu hizo mbili tunazo sisi pia. Tukuyu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,500 hivi, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi wa Juni na wa Julai mtu akiegemea ukuta wa matofali husikia baridi mpaka mfupani. Basi mbao za ukutani zafaa Rungwe kuliko Dar es Salaam. Zifike sentimita 80 au 90 kutoka sakafuni, mahali mgongo wa kiti unapogusa. Zisipigiliwe moja kwa moja kwenye ukuta. Vitangulie vibao vyembamba, na zipigiliwe juu ya hivyo, ili hewa ipite nyuma. Tena mbao zipakwe dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Kama ukuta unavuja, ziba kwanza. Ukifunika ukuta unaovuja utakuwa umefuga ukungu. Asiye na uwezo wa mbao anaweza kutumia mianzi iliyopasuliwa na kupangwa vizuri, na mgeni hataona upungufu.

Juu ya mkanda paka chokaa nyeupe, mara tatu au nne, nyepesi nyepesi, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Chokaa huuacha ukuta upumue, lakini rangi ya mafuta hufungia unyevu ndani na baada ya masika moja huanza kubanduka. Ila chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta ya zamani. Hiyo lazima ikwanguliwe. Vaeni glavu na mlinde macho, maana chokaa huunguza.

DIRISHA, TAA NA KABATI

Mapazia mazito ya mahameli yaacheni. Hapa ukungu wa asubuhi na mawingu hutunyima mwanga wa kutosha. Tukiongeza pazia zito tutakula gizani, na kitambaa chenyewe kitaota kuvu. Katika nyumba za kawaida za Ulaya hutumika pia pazia fupi jeupe linalofunika nusu ya chini ya dirisha. Wapita njia hawaoni sahani zako, nawe unaona mlima. Mama anayejua kufuma kwa sindano ya kulabu atalitengeneza mwenyewe, pamoja na vitambaa vya meza.

Taa iwe moja, ining'inie juu ya katikati ya meza, sentimita 75 hadi 80 kutoka mezani, na mwanga wake uwe wa manjano kidogo. Taa ya namna hiyo huwakusanya watu. Taa kali ya darini humulika kuta na kuwaacha walaji kama wako stesheni ya basi. Umeme ukikatika, taa ya chemli katikati ya meza itafanya kazi ile ile.

Kabati la vyombo liwekwe karibu na mlango wa jikoni. Katika karne ya 18 wasanifu wa Uingereza kama Robert Adam walilipa heshima kubwa kabati hilo la chini la chumba cha kulia, lakini kazi yake ni nyepesi kueleza: chakula na vyombo viwe karibu na mkono, mama asikimbie jikoni mara kumi. Juu yake usipange maua ya plastiki. Weka vyungu vya Wakisi. Wanawake wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa huvifinyanga kwa mkono, na vyungu hivyo huuzwa katika soko la Lyulilo karibu na Matema. Chungu kimoja kiwe cha maji ya kunywa, kingine cha maua ya bustanini. Na buli la chai lisikose. Majaribio ya chai yalianza Kyimbila, papa hapa wilayani, mwaka 1904, na kilimo cha biashara nchini kilianza mwaka 1926. Ni aibu Mrungwe kumpa mgeni chai iliyokaa kwenye chupa tangu asubuhi.

Majira ya Majilio watoto watundike nyota ya Herrnhut. Ilianza katika shule za Kimoravian za Ujerumani, katika karne ya 19, kama zoezi la hesabu. Ina miali 25: 17 yenye kitako cha pembe nne na 8 yenye kitako cha pembe tatu. Karatasi ngumu, mkasi, rula na gundi vyatosha. Mtoto aliyeikata na kuigundisha mwenyewe atajifunza maumbo kuliko kwa kukariri ubaoni.

NANI ATAKAA MEZANI?

Sasa tumefika penye kiini. Mbao na chokaa fundi atafanya. Lakini kuwakalisha watu pamoja ni kazi ya wenye nyumba, na katika nchi yetu kazi hiyo ina mambo yake.

Bibi Monica Wilson na mumewe Godfrey walikaa Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 bibi huyo alitoa kitabu juu ya vijiji vyetu vya marika. Alieleza jambo ambalo wazee wanalijua: mwanamume alikula na wa rika lake, wavulana walizunguka kwa mama zao wakila kundi zima, na kukaa pamoja kwa furaha, yaani ukwangala, kulihesabiwa kuwa wema mkubwa wa mtu. Anayekula peke yake alitiliwa shaka. Basi, ndugu msomaji, babu zetu hawakutuachia desturi ya kula kila mtu pembeni na simu yake. Walituachia kula pamoja. Meza ya Kizungu inabadili jambo moja tu: katika duara lile wanaingia mke na watoto.

Badiliko hilo si dogo, wala tusilichukulie kwa pupa. Kwa desturi yetu mkamwana humwepuka baba mkwe: hakai naye, hali naye, wala hamtazami usoni. Katika jamaa nyingi za leo mwiko huo umelegea. Katika nyingine bado unashikwa, na mama kijana huumia anapolazimishwa kukaa mbele ya mzee kwa sababu tu mume ananunua meza mpya. Mzee naye huona amevunjiwa heshima. Wako waliojenga chumba kizuri, kisha mzee akakataa kuingia nyumba ya mwanawe tena. Mapambo gani yatalipa hasara hiyo?

Yafaa basi kuliwaza jambo hili mapema, kabla mwashi hajainua kuta. Chumba cha kulia kiwe na milango miwili, mmoja wa sebuleni na mmoja wa jikoni, ili mtu apate kuingia na kutoka pasipo kukutana na asiyepasa kukutana naye. Kati ya jikoni na chumba pawe na kidirisha cha kupitishia chakula. Nyumba nyingi za Ulaya zinacho. Mzee akija, aandaliwe meza pamoja na mwanawe, wajukuu na wa rika lake, na mkamwana apitishe chakula kidirishani kwa heshima. Mzee akiondoka, meza ni ya mke na mume na watoto wao. Siku mzee mwenyewe atakaposema, "Mwite naye akae," siku hiyo desturi itakuwa imebadilika kwa amani.

Wamoravian wa Herrnhut walianza karamu yao ya upendo tarehe 13 Agosti 1727. Baada ya ibada watu hawakutaka kuachana, basi Zinzendorf akawapelekea chakula wakaendelea kukaa. Chakula kilikuwa cha kawaida, na hakuna aliyeuliza viti ni vya namna gani.

FEDHA ITUMIKE KWA UTARATIBU

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msidanganywe na vinavyong'aa dukani. Fuateni utaratibu huu. Kwanza, meza imara na benchi. Pili, chokaa na mkanda wa ukutani. Tatu, taa moja na pazia fupi. Nne, kabati. Tano, mbao za ukutani, mkipata. Kila moja lisubiri mavuno ya chai, ndizi au viazi. Haba na haba hujaza kibaba. Msikope kwa ajili ya mapambo, wala msiguse fedha ya sare na madaftari ya watoto, maana watoto hao ndio watakaokaa kwenye benchi lile.

Na meza ikishafika, msingoje kabati. Jioni hiyo hiyo ondoeni pasi na madaftari, tandikeni kitambaa safi, andikeni meza: uma kushoto, kisu na kijiko kulia, bilauri juu ya kisu, na birika la kunawia kwa anayekula kwa mkono. Simu zikae kabatini, na kama kabati bado, zikae chumbani. Baba akae, mama akae, watoto wakae, mmoja ashukuru, ndizi zipakuliwe zingali moto. Mtoto apewe nafasi ya kusimulia habari za shule mpaka mwisho. Chumba cha namna hiyo kimepambwa tayari, hata kama ukuta bado ni tofali tupu.